Seli Alizozionea Huruma

Sura ya Tisa

Alhamisi asubuhi seli zangu zilikufa, na mimi nikabaki nimeinamia hadubini nikiziomba zifufuke.

Usinishangae. Najua vizuri kwamba mwanamke aliyekaa darasani mpaka mvi ya kwanza ikamtoka, kisa anatafuta namna ya kuua saratani, akiiua anatakiwa apige vigelegele. Lakini hizi hazikutakiwa kufa. Visahani vya kushoto nilikuwa nimevipa dawa yangu mpya; huko zife tu, tena zife na kizazi chao. Visahani vya kulia nilivipa dawa tupu, ile ya siku zote ya hospitalini, ambayo seli hizi zilikuwa zimeizoea mwaka mzima hata haziijali tena. Huko zilitakiwa ziishi na kunicheka. Nilihesabu mara tatu. Katika kila kumi, tisa zilikuwa zimekufa, kushoto na kulia sawasawa.

Kama dawa tupu inaua sawa na dawa yangu, basi dawa yangu haijaonyesha lolote. Mwezi mzima nilikuwa nimejisifu kwa kumwangusha mtu aliyekuwa amelala.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutajua kwa nini siku ile nilikaribia kumpoteza mwanaume niliyempenda kuliko nafsi yangu. Seli ya saratani ikishakuwa sugu inaweka mlinzi mlangoni. Dawa ikiingia, mlinzi anaikamata shingo na kuitupa nje kabla haijakaa. Mimi natengeneza vifuko vya mafuta, vidogo kiasi kwamba ukichukua unywele mmoja ukauchana kwa urefu mara elfu, hapo ndipo utapata upana wa kifuko kimoja. Ndani ya kila kifuko kuna dawa mbili. Ya kwanza inamlaza mlinzi, ya pili, ile ile ya hospitalini, inafanya kazi iliyoipeleka. Lazima zifike pamoja. Moja ikitangulia na nyingine ikachelewa, umesumbuka bure.

Na ili seli zibaki sugu pale maabara, kila mlo wao unatiwa matone mawili ya ile dawa tupu. Ukiacha kutia kwa wiki kadhaa, mlinzi anaona hakuna kazi, anaacha lindo, na seli zinarudi kuwa laini kama zilivyozaliwa.

Nilipofika kwenye wazo hilo niliinuka kwenye kiti. Nikaenda kwenye rafu, nikateremsha daftari la kulishia.

Daftari letu lina safu tano. Tarehe, chakula, dawa, aliyelisha, na ya mwisho imeandikwa kichwani "Nimesoma", ambapo mwenye seli anaweka sahihi kuonyesha kwamba ameona kilichofanyika. Nikafungua kurasa za ile miezi miwili niliyokuwa kwa dada yangu, aliyejifungua kwa kupasuliwa na kidonda kikagoma kupona. Mwandiko ulikuwa wa Fundi, mwanaume huyo niliyemtaja, ambaye nilimfundisha kulisha nikamwachia zamu yangu. Herufi kubwa za kunyooka, zile zile anazoandika juu ya swichi za umeme. Wiki mbili za kwanza: matone mawili, matone mawili, matone mawili. Baada ya hapo, kwenye safu ya dawa, kistari. Kistari. Kistari. Wiki sita za vistari, na pembeni ameandika, "Wamekula. Wana afya. Wanakusalimia."

Safu ya mwisho ilikuwa nyeupe kutoka juu hadi chini. Hiyo ilikuwa yangu.

Nakumbuka siku niliyorudi. Niliingia maabara na begi begani, Fundi akatoka nyuma ya friza na bisibisi mdomoni, na macho yetu yalipokutana sikukumbuka tena kama duniani kuna kitu kinaitwa daftari. Niliziangalia seli kwa sekunde kumi, nikasema, "Wamependeza," nikaenda zangu kunywa naye chai. Kesho yake nikapima vifuko. Dawa tupu sikuipima. Nilikuwa nimeshaipima kabla sijasafiri, nikaona nitumie majibu yale yale nisipoteze visahani. Mtu wa mwaka wa kwanza angechapwa kwa hilo.

Saa sita mchana alikuja, kama kawaida, na nusu ya mkate aliyonikatia. Kazi yake ni kutengeneza mashine zetu, makabati ya joto na mafriza, ndiyo maana jengo zima wanamwita Fundi Friji. Mimi namwita Fundi, basi. Akisimama mlangoni namjua kwa funguo zinavyolia kiunoni kabla sijageuka, na moyo wangu mjinga, hata siku ile ya msiba, uliruka.

"Dakta, umekula?"

"Funga mlango."

Akatabasamu. Kati yetu sisi, kufunga mlango kulikuwa na maana yake.

"Hapa hapa kazini? Leo umeamkia ubavu gani?"

"Fundi, hivi vistari ni nini?"

Akaja akainama juu ya bega langu. Alinukia grisi na sabuni, na nilichukia kwamba nimelitambua hilo wakati ule.

"Ah, hivyo. Si niliacha."

"Uliacha."

"Nilikuwa nawatilia yale matone, kesho yake nikichungulia nakuta wamenyong'onyea. Wengine wanaelea, wamekwisha. Nikasema, Dakta kaniachia watoto wake, akirudi akute makaburi? Nikawapa chakula kitupu. Wakanenepa! Si ulisema mwenyewe wamependeza?"

"Ulizionea huruma."

"Niliwaonea, ndiyo. Zako hizo."

"Fundi, ni seli za saratani!"

"Najua ni za nini. Lakini ni zako."

Nikakaa chini. Angekuwa mzembe ningemfokea nikamaliza. Utamfokea vipi mtu aliyekosea kwa kukupenda?

"Na hukuniambia."

"Niliandika." Kidole chake kikashuka kwenye ukurasa, kikafika safu ya mwisho, kikabaki pale. "Kila baada ya siku tatu, wiki sita. Hii ni safu ya nani, Dakta?"

Nilimweleza tu, polepole, kama ninavyowaeleza wageni: mlinzi, matone, kulainika, visahani vya asubuhi. Nilimwona akielewa. Uso wake ulianza kuelewa kwenye paji, ukashuka mpaka mdomoni.

"Kwa hiyo dawa yako haifanyi kazi."

"Sijui. Huenda inafanya, huenda haifanyi. Nimeipima kwa seli ambazo hata maji ya moto yangeziua."

"Ukianza upya?"

"Nina za akiba kwenye pipa la baridi, hizo bado sugu. Kuziamsha na kupima, miezi minne. Halafu panya, mwaka. Halafu watu, sijui, miaka. Ikifika huko."

"Mama hana miaka."

Nilijua atasema hivyo. Mama yake ana saratani ya titi, iliondoka ikarudi, na dawa mbili zimeshaikimbia. Kila mtu mtaani kwao anamwita Bi Mkubwa. Mwaka juzi alinikataa waziwazi. Alimwambia mwanawe hawezi kuletewa mkwe anayeshika panya mchana halafu jioni amkandie unga. Jina langu kwake lilikuwa Daktari wa Panya. Majibu ya mwezi uliopita yalipotoka nikawa "mkwe wangu" ndani ya siku moja. Posa ikapokelewa, tarehe ya harusi ikatajwa, na mimi nilivyo mpumbavu nikalia kwa furaha.

"Kesho si ndiyo kliniki yake?" nikauliza. "Wale madaktari walisema wana dripu nyingine ya kumjaribishia. Hiyo ipo, Fundi. Hiyo haihitaji kunisubiri mimi."

Akaanza kuzungusha pete ya funguo.

"Haendi."

"Haendi vipi?"

"Hajaenda mara mbili sasa. Wamepiga simu, wamesema akikosa na kesho nafasi watampa mwingine. Anasema mwili umechoka, anapumzika akisubiri ya mkwe wake."

Nikalifunga daftari.

"Na wewe ulijua? Mwezi mzima tunakunywa chai mezani hapa, unanichagulia rangi ya mapazia, na ulijua?"

"Alikuwa anakula, Dakta! Tangu mwaka juzi sijamwona mama yangu akimaliza sahani. Ameacha dripu, nywele zikaanza kuota, anacheka. Ningeanzia wapi kumwambia nenda ukatapike tena? Nikajua dawa yako iko njiani."

"Nani alikuambia iko njiani? Nilikuambia visahani! Visahani, Fundi, si watu!"

"Ulinirukia shingoni ukasema 'tumeishinda'. Nilisikia hivyo."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Huruma yako!" nikafoka. "Umezionea huruma seli, zimelainika. Umemwonea huruma mama yako, na ugonjwa wake unanenepa kama hizo seli. Ipo siku utamwonea huruma nani, mimi?"

"Na wewe yako umeipeleka wapi? Umeifungia kwenye friza?"

Tulitazamana. Nilikuwa natamani kumpiga, natamani kumshika, na vyote viwili vilitaka mikono ile ile.

"Leo nakwenda kumwambia," nikasema. "Asubuhi saa mbili awe hospitali."

"Mwambie imechelewa kidogo. Usimwambie imeharibika. Chonde, Dakta. Mwambie wiki chache, halafu mimi nitamshawishi taratibu aende akisubiri."

"Nikisema wiki chache atasubiri. Akisubiri atakufa."

Neno lile lilikuwa halijawahi kutamkwa kati yetu. Fundi alichukua ile nusu ya mkate mezani, akairudisha kwenye karatasi yake, akaikunja kwa uangalifu kama anafunga dawa.

"Basi ukienda, nenda peke yako."

Funguo zikalia mpaka mwisho wa korido.

* * *

Saa kumi nilikuwa sebuleni kwa Bi Mkubwa, nimekaa ukingoni mwa kiti.

Mapazia mapya yalikuwa yamekunjwa juu ya kabati yakisubiri harusi. Shangazi yake Fundi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa anapiga pasi, na kila akinitazama pasi inasimama. Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti chake cha mto mwekundu, kitambaa kichwani, mashavu yamejaa kidogo. Alikuwa mzuri. Nilielewa kwa nini Fundi hakuweza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekuja nayo?" Macho yalikuwa kwenye mkoba wangu. "Maana nimeshaiandalia mahali. Wifi, mwonyeshe."

Shangazi akafungua friji. Rafu ya juu ilikuwa tupu, imefutwa ikang'aa, imetandikwa kitambaa cheupe. Vyakula vyote vya nyumba vilikuwa vimesongamana chini.

"Nyanya zangu zinapondeka huko kwa ajili ya dawa yako," Shangazi akasema. "Ila sisemi kitu."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yaliniruka.

"Mama, dawa hakuna."

"Bado?"

"Hakuna. Majibu ya mwezi uliopita yalikuwa na makosa. Nimegundua leo. Itabidi nianze upya, na hata ikifaulu itachukua miaka kufika kwa mtu. Nimekuja kukuomba kesho uende kliniki."

Pasi ilitoa moshi. Bi Mkubwa akatingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolijua zamani.

"Nimekuelewa. Umekatazwa kuitoa."

"Hapana, Mama."

"Ni ya wakubwa. Wanaopewa wanajulikana."

"Haipo, Mama. Ingekuwepo na inafaa, ningekaa mlangoni kwa wakubwa hao mpaka wanipe."

"Basi unalipiza." Sauti ilipanda. "Mwaka juzi nilikukataa, ukaniwekea moyoni. Ukangoja mpaka nikukubali, nikuite mkwe mbele ya watu, ndipo uje kuninyima kwenye kiti changu mwenyewe."

"Wifi, punguza kidogo," Shangazi akasema.

"Sipunguzi! Umri huu wote sijaona binti akaja kumwambia mgonjwa 'hakuna'. Hata mganga wa uongo anakupa jani ukatafune."

Mimi nina maneno ya seli na ya panya. Ya mama mkwe sina. Kila nililosema liliingia likatupwa nje. Nilieleza makosa, akaona ni visingizio. Nilieleza kliniki, akaona namfukuzia kwenye mateso ili niipumzishe roho yangu. Mwishowe alinyoosha mkono kuelekea mlango.

"Nenda kwa panya wako."

Nikasimama. Machozi yalikuwa yamefika, nikayazuia kwa hasira. Nilipoushika mlango ulifunguka kutoka nje, na Fundi akawa mbele yangu, kola imetota jasho. Hakunitazama. Alinipita, akapiga magoti mbele ya kiti cha mto mwekundu.

"Mama, mimi ndiye niliyeharibu."

"Usimtetee."

"Simtetei, nina hasira naye mpaka hapa. Lakini alisafiri akaniachia zile seli. Zilitakiwa kutiliwa matone makali kila mlo, ndiyo zibaki sugu kama ya kwako. Nikaona zinateseka. Nikaacha kutia. Zikawa laini, dawa yoyote inaziua. Ndiyo maana ilionekana imefaulu."

Bi Mkubwa aliinama kumtazama usoni.

"Zinateseka?"

"Ndiyo, Mama."

"Uliziona zinateseka, ukazionea huruma."

"Ndiyo."

"Seli za saratani. Hizi hizi?" Akajigonga kifuani kwa kidole, mara mbili. "Hizi ninazokaa nazo humu?"

Fundi aliinamisha kichwa. Nyuma yetu Shangazi alitoa sauti ya ajabu, nikadhani amejiunguza, kumbe ni kicheko.

"Huyu! Wifi, umemsahau yule panya wa stoo? Tulimpa mtego autege, kumbe kila siku anauondoa springi na kumwekea panya mkate! Mpaka panya akazaa! Na leo anakwenda kuoa nani? Daktari wa Panya! Mungu ana mambo yake."

Bi Mkubwa alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, akamshika mwanawe kichwani kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka bila sisi kuona kimegeukia wapi. Akawa analia. Shangazi akazima pasi. Fundi akaweka paji lake juu ya magoti ya mama yake, na mimi nilisimama mlangoni nikiwa sijui kama niko ndani au nimeshafukuzwa.

Baada ya muda Bi Mkubwa aliniita bila kunigeukia.

"Wewe. Hiyo dripu yao nyingine, nikienda itaniponya?"

"Sijui, Mama. Daktari wako ndiye anayejua zaidi. Mimi ninachojua ni kwamba ukikaa bila kitu, ugonjwa wenyewe haukai."

"Itanitapisha?"

"Inawezekana sana."

"Nywele zangu hizi?"

"Zinaweza kwenda tena."

"Hata kunidanganya kidogo huwezi?"

Nilitamani. Wallahi nilitamani. Nilimwona Fundi amekaza shingo akisubiri.

"Siwezi, Mama."

Akamwambia mwanawe, "Unasikia? Mke gani huyo." Halafu akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Kesho nitakwenda. Siendi kwa ajili yake. Nakwenda kwa sababu mwanangu nikimwacha peke yake ataanza kufuga kunguni. Na mambo ya harusi msinitajie mpaka nijue kama nitakuwepo. Wifi, rudisha nyanya zako."

Nilisikiliza nyanya zikirudi kwenye rafu, moja moja.

Fundi alinisindikiza mpaka getini, hatua mbili mbele yangu. Bawaba ya geti ililia. Akainama kuichunguza ili asinitazame.

"Umefurahi?" akaiuliza bawaba.

"Nimefurahia nini, Fundi? Posa imerudi ilikotoka."

"Ulichotaka kimekuwa."

"Sasa ulikuja kwa nini? Ulisema niende peke yangu."

"Kwa sababu nilijua utabeba kosa lote wewe."

"Ni langu pia. Ningeusoma ule ukurasa siku ile, haya yote yasingekuwepo."

"Najua," akasema, na hapo ndipo alinitazama, na macho yalikuwa mekundu. "Hilo ndilo linaloniuma. Niliandika kila nikilisha nikidhani utanisoma. Hata ule upuuzi wa salamu. Nilikuwa nakuandikia wewe, Dakta."

Nikanyoosha mkono. Alishachukua bisibisi mfukoni, akawa anakaza bawaba ambayo haikulegea.

* * *

Ijumaa nilikwenda kwa Profesa nikafuta majibu yangu kwa mdomo wangu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Ahsante kwa kuniharibia mwezi," na kabla sijafika mlangoni akaongeza, "Na kwa kutoharibu mwaka." Nikaamsha seli za akiba kutoka kwenye pipa la baridi. Niliandika zamu mpya, na kwenye zamu ya Jumanne kalamu iliandika jina la Fundi kwa mazoea. Sikulifuta.

Siku nne hakuja na mkate. Nilisikia funguo zake kwenye korido, zikikaribia, zikipita. Mara moja tulikutana kwenye ngazi. Alisogea ukutani kunipisha kama mtu anayempisha mgeni, nami nikapita nimebana pumzi, nikafika juu nimesahau nilikuwa naenda wapi. Nilimpigia simu mara mbili nikaikata kabla haijaita. Ningemwuliza nini? Mama yako alikwenda? Kama hakwenda, sikutaka kujua. Kama alikwenda na anateseka, ni mimi niliyempeleka.

Jumanne mchana niliingia chumba cha seli. Hapakuwa na mtu. Hadubini ilikuwa bado na joto la taa, na kichupa cha dawa, kile kinachofungwa karatasi ya kung'aa kwa sababu hakipendi mwanga, kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Nilikiinua nikakipima kwa jicho. Kilikuwa kimepungua.

Daftari lilikuwa wazi mezani. Herufi kubwa za kunyooka, zimevuka safu zao, zimejaa mpaka pembeni:

"Jumanne. Chakula: tayari. Dawa: matone mawili. Wamenyong'onyea. Nimewaacha wanyong'onyee. Bi Mkubwa alikwenda Ijumaa, dripu imeingia. Katapika mara nne, kanitukana mimi, kakutukana na wewe, halafu kaomba chai. Amesema Daktari wa Panya aje Jumapili, ana maswali, na aje na majibu ya kweli kama ni lazima. Bado nina hasira. Sijui itaisha lini. Zamu ya Ijumaa ni yako."

Nilisoma nimesimama. Nikavuta kiti nikasoma nimekaa. Mara ya tatu nilishindwa kufika mwisho, herufi ziliogelea, nikasubiri zitulie.

Kwenye korido funguo zililia. Zikakaribia, zikafika mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hazikupita. Hazikuingia pia. Zilisimama tu.

Sikumwita. Nilichukua kalamu, nikaivusha safu ya tarehe, ya chakula, ya dawa, ya aliyelisha, nikafika ile ya mwisho iliyokuwa yangu siku zote, na nikaandika kwa herufi kubwa kama zake: Nimesoma.